Dozi Ile Ile

Jumatatu, 4 Machi

Kliniki ya sukari leo. Watu sitini na wawili, mashine ya kupimia moja. Mzee mmoja alikuja na msumari kwenye soli, ameutembelea tangu Ijumaa na hana habari. Nilipomwonyesha akacheka, akasema basi ndiyo maana kiatu kilikuwa kinalia. Nikacheka naye. Kisha nikakiosha kile kidonda, na hapo sikucheka tena.

Lakini leo nimefanya kazi! Acha nijisifu, maana hapa hakuna wa kunisifu.

Bibi Ubishi alikuja. Ndivyo tunavyomwita kwa sababu hubishana hata na mizani. Sukari ishirini na mbili, kama mwezi uliopita, kama mwezi wa kabla yake. Daktari hakuinua kichwa. Akapandisha insulini ya asubuhi kutoka arobaini hadi arobaini na sita. Mwaka jana mwanamke huyu alikuwa anadungwa ishirini!

Huletwa na mkamwana wake, mke wa mwanawe anayefanya kazi mbali. Ndiye anayemwogesha, anayempikia, anayemdunga asubuhi na jioni. Binti mkubwa wa Bibi naye alikuwepo leo, na maneno yake. Kwamba mkamwana anampa mama yao vitu vitamu ili atulie. Alisema mbele ya foleni nzima. Mkamwana alitazama viatu vyake. Yule binti alipotoka kupokea simu, niliwaingiza wawili hao chumba cha kufungia vidonda, nikauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuuliza: unamdunga wapi?

Akanionyesha. Kushoto kwa kitovu. Kila siku? Kila siku. Kwa nini hapo tu? Bibi akajibu mwenyewe, hapo haumii, pameshazoea. Nikapaka mkono mafuta, nikapapasa. Bonge! Gumu, kubwa kama ndimu, chini ya ngozi. Miaka yote hiyo dawa inamiminwa kwenye bonge na bonge linaimeza. Wala si vitu vitamu. Nilitamani kumwita yule binti aje apapase.

Nikachukua karatasi, nikachora tumbo na mapaja, nikagawa vyumba: Jumanne hapa, Jumatano hapa, hapo kwenye bonge marufuku. Mkamwana akauliza, na dozi, Sista? Nikamwambia ile ile, daktari ameshaandika. Nikaandika chini kwa herufi kubwa: DOZI ILE ILE, 46, USIPUNGUZE. Nikamwambia anafanya vizuri kuliko manesi wengine ninaowajua. Machozi yakamlenga. Bibi akasema usimlize mkwe wangu, jioni ana kazi ya kuninyoa kucha.

Kunyoa kucha! Nimecheka njia nzima.

Jumanne, 5 Machi

Nimemhadithia Matroni habari ya bonge. Akasema vizuri sana, daktari umemwambia? Nikasema namwendea sasa hivi.

Sikumwendea. Aliingia mama mmoja mgonjwa wa tezi ya shingo, macho yamemtoka, mikono inatetemeka, mapigo mia na thelathini na nane. Tukahangaika naye hadi jioni. Hali yake imetulia kidogo. Miguu yangu imekufa.

Jumatano, 6 Machi

Bibi Ubishi ameletwa saa sita mchana. Hajitambui.

Sukari moja nukta mbili. Nilidhani mashine imeharibika. Nikapima tena. Moja nukta moja. Mwili umelowa jasho, taya limekaza, degedege mbili kabla hatujapata mshipa. Glukosi ikaingia, sukari ikapanda hadi saba, tukasubiri afumbue macho atukane mtu. Hakufumbua.

Mkamwana aliniambia yote mlangoni, pole pole, kama anayesoma. Jana alimdunga paja la kulia, kama nilivyochora. Mama akatoka jasho, akaropoka, akampa chai yenye sukari, akatulia. Leo asubuhi alitaka kupunguza. Akaichukua karatasi akasoma. Akamdunga zote arobaini na sita, paja la kushoto. Akamketisha barazani, akaenda kufua. Aliporudi akadhani amelala. Akaanika nguo kwanza.

Najua. Nilijua kabla hajamaliza. Dozi ile ilipandishwa kwa ajili ya bonge. Dawa nyingi ipotee humo, kidogo ifike. Ukihamia ngozi nzima, yote inafika. Unahamisha sehemu — UNAPUNGUZA dozi. Unampima kila mara. Unamwambia daktari. Nimewafundisha wanafunzi hilo kwa chaki, mkono kiunoni. Nikawauliza: mkisahau nini kinatokea? Wakajibu kwa pamoja kama watoto wa chekechea.

Daktari akauliza, ilikuwaje. Binti mkubwa akawahi. Huyu kazidisha sindano, alishachoka kumlea mama, siku nyingi tunamwona. Daktari akamgeukia mkamwana, umemdunga ngapi? Arobaini na sita, kama mlivyosema. Daktari hakumwamini, akaandika: inawezekana dozi imezidishwa nyumbani. Niliona kalamu ikitembea. Nilikuwa nimeshika dripu. Sikusema kitu.

Sikusema kitu.

Alhamisi, 7 Machi

Sukari kila saa. Ninamgeuza kila baada ya saa mbili, kushoto, chali, kulia. Nampangusa kinywa kwa pamba. Namwekea matone machoni yasikauke. Nampaka mafuta visigino. Mwenzangu ananiambia pumzika, mbona unamng'ang'ania huyu. Nikasema ni mgonjwa wangu. Akasema wote ni wagonjwa wako.

Nilipokuwa namwogesha nililipapasa lile bonge. Liko vile vile. Kucha za miguu zimenyolewa safi, hata kidole kidogo.

Nimekwenda ofisi ya Matroni mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na mgeni. Mara ya pili alikuwa peke yake, akaniuliza unataka nini, nikasema glovu zimekwisha. Akanipa boksi la glovu. Glovu tunazo tele.

Jumamosi, 9 Machi

Leo nimefanya jambo baya kuliko la Jumatatu. La Jumatatu lilikuwa kosa. Hili sijui niliite nini.

Binti mkubwa alinishika mkono koridoni. Ana macho mekundu, halali, na mimi nilitaka kumchukia nikashindwa, ni mtu na mama yake. Akaniuliza, Sista, sema kweli, huyu alifundishwa kudunga au hakufundishwa? Nikafikiri namtetea mkamwana. Naapa nilifikiri hivyo. Nikasema alifundishwa vizuri sana, anajua kuliko watu wote, hakosei hata yuniti moja.

Akaachia mkono wangu. Akasema, basi hakukosea. Alifanya kusudi.

Nilifungua mdomo. Ndugu wengine wawili walikuwa wameshasogea. Nikasikia nasema daktari ndiye anayejua zaidi. Hayo ndiyo maneno yangu. Miaka kumi na tisa ya unesi, na hayo ndiyo yaliyotoka.

Nyumbani baba watoto kaniuliza mbona sili. Nikasema kichwa. Akaniletea panadoli mbili na maji, akasimama pale mpaka nimeze. Laiti angejua anamhudumia nani.

Jumapili, 10 Machi

Siku yangu ya mapumziko. Nimekwenda wodini hivyo hivyo. Sukari nane. Mapigo mazuri. Macho yamefumba.

Mkamwana amekatazwa kuingia. Mumewe alifika jana kwa basi. Hajampiga, hajamfokea, amemwambia tu asimwite tena mpaka mama aamke. Anakaa nje karibu na bomba, na chupa ya chai na nguo safi za Bibi kwenye mfuko. Kila asubuhi anampa mfagiaji zile nguo ziingizwe ndani. Mfagiaji anasema zimepigwa pasi.

Nimepita mlango wa nyuma ili nisimwone.

Jumatatu, 11 Machi

Amefumbua macho!

Saa tatu asubuhi, nikiwa namgeuza. Nikamwita, Bibi. Nikamwita, Bibi Ubishi, nibishie basi. Macho yalinipita kama mtu atazamaye ukuta. Nikapiga makofi karibu na sikio, hakushtuka. Nikamwonyesha kidole, hakukifuata. Mwanawe alikuwa anacheka na kulia, ameamka, ameamka! Ningemwambia nini. Daktari alimwita pembeni. Nilimwona yule mwanamume mzima akitafuta kiti kwa mkono nyuma yake, na kiti hakikuwepo.

Adhuhuri nilimdunga, yuniti nane tu sasa, mkononi. Aliposikia harufu ya spiriti, mkono wake wa kushoto ulitambaa pole pole, ukafika kwenye gauni, ukalivuta juu. Akafunua pale pale. Kwenye bonge. Hajui jina lake, hamjui mwanawe, lakini amenitolea pale palipozoea.

Nilikwenda chooni nikajifungia. Nililia kwa kuuma taulo. Kisha nikaosha uso, nikaandika kwenye faili: mgonjwa amepokea dawa bila tatizo.

Jumanne, 12 Machi

Matroni kasema kesho saa nne kuna kikao. Familia imetaka. Daktari, Matroni, na mimi kwa sababu ndimi niliyetoa mafunzo. Wakimaliza hapa wanakwenda polisi. Amesema andaa maelezo mafupi, ulimfundisha nini, basi. Akanitazama kidogo. Akauliza, lile bonge ulimwambia daktari siku ile? Nikasema nilimwambia.

Sasa ni uongo kamili, una mikono na miguu.

Nilikwenda bombani. Sijui nilikwenda kufanya nini. Mkamwana akasimama upesi kana kwamba mimi ni mkubwa wake, akanipangusia kijiwe nikae. Kauliza mama anageuzwa? Nikasema anageuzwa. Visigino? Havijachubuka. Akashukuru. Alinishukuru!

Kisha akaingiza mkono kifuani, ndani ya nguo, akatoa karatasi. Imekunjwa mara nne, ndani ya mfuko wa nailoni isilowe. Tumbo langu nililolichora. Mapaja yangu. Herufi zangu kubwa chini.

Akasema, Sista, itunze wewe, nisije nikakutwa nayo.

Sikuelewa. Nikamuuliza kwa nini hakuwaonyesha. Ina kila kitu, ingemtoa siku ile ile. Akanieleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mtoto kitu kinachojulikana. Ijumaa binti wa duka la dawa alimwambia kwamba dozi ilipaswa kupunguzwa. Kwa hiyo anajua. Tangu Ijumaa anajua kwamba ni mimi. Lakini akiwaonyesha, mimi nitaondolewa wodini, na yeye hawezi kuingia, nani atamgeuza mama? Wengine wanampita, mfagiaji amemwambia. Wewe ndiye unayemgeuza kwa saa. Mimi nimeshafukuzwa, akasema, tukifukuzwa wote wawili mama anabaki na nani?

Nikamwambia watakupeleka polisi. Akasema anajua. Akaniuliza kama kucha za mama zimeanza kukua, kwa sababu za kidole gumba huingia ndani ya nyama zikiachwa.

Niliichukua karatasi. Mungu anisamehe, niliichukua na kuiweka mfukoni.

Jumatano, 13 Machi

Saa tatu na dakika arobaini. Niko chumba cha kufungia vidonda, mlango nimeufunga kwa ufunguo.

Asubuhi nimemgeuza Bibi, nimemwogesha, nimemnyoa kucha za miguu. Za kidole gumba zilikuwa zimeanza kweli. Nilikata moja kwa moja bila kupinda pembeni, kama inavyotakiwa kwa mtu wa sukari. Nilimwambia kila ninachofanya, kama tunavyofundishwa, hata kama hasikii. Nikamwambia na hilo jingine pia. Bibi, ni mimi. Mkwe wako alifanya nilivyomwandikia. Alitazama dari. Kusema kwa asiyesikia ni rahisi, maneno yalitoka bila hata kukwama.

Basi mbona mbele ya watu hayatoki, na ni maneno machache hivi. Nimeyahesabu. Ni mimi niliyemwandikia. Matatu. Nimeyasema mbele ya kioo, mbele ya sinki, mbele ya mtungi wa hewa.

Nikiyasema: leseni, kazi, watoto wangu, jina. Labda polisi hao hao. Na yeye amesema kweli, Bibi atapitwa na atapata vidonda ndani ya wiki mbili, nawajua wenzangu. Hiyo nayo naishika kwa nguvu, kana kwamba ninanyamaza kwa ajili ya Bibi. Mwongo mimi. Nanyamaza kwa sababu naogopa. Yule wa bombani ndiye anayenyamaza kwa ajili ya Bibi.

Karatasi iko kwenye mfuko wa sare, nyuma ya kipimajoto. Naweza kuichana. Kwenye sinki, maji kidogo, wino unaondoka. Nimefungua bomba. Nimelifunga.

Matroni amegonga. Sista, wameshakaa. Nimesema nakuja.

Kutoka dirishani naliona lile bomba la nje. Shemeji zake wanamvusha ua kumpeleka kikaoni, mmoja mbele mmoja nyuma, kama ng'ombe anayepelekwa sokoni. Amevaa kitambaa safi. Ameinua macho akaniona. Nimeitoa karatasi mfukoni, nikaibandika kwenye kioo cha dirisha ili aione. Sijui nilitaka nini, labda anipe ruhusa.

Ametikisa kichwa. Pole pole, kulia, kushoto. Usifanye hivyo. Kisha akapangusa shavu kwa kiganja na kuendelea kutembea.

Saa nne kamili. Ndiyo saa ya kumgeuza Bibi. Nikienda kikaoni hatageuzwa.

Matroni amegonga tena, amekishika kitasa. Sista, unafanya nini humo ndani? Naandika. Nikiacha kuandika itabidi niinuke.