Mmeru Aliyeandikwa Me

Sekei, Jumanne

Siri gani hii ninayofichwa mimi mwenyewe!

Siku ya kuandikishwa bima, karani aliniuliza, "Wewe ni nani?" Nikajibu, "Mmeru." Naona alisikia "mme" tu, maana kwenye jinsi akaandika "Me" badala ya "Ke". Sasa bima inagoma kulipia uzazi, eti mwanaume hajifungui.

Leo nimekwenda kurekebisha. Karani akatazama kompyuta, akatazama tumbo langu.

"Pole dada. Taarifa za mtu ni siri, na hizi ni za mwanaume. Aje mwenyewe."

"Ndiye mimi!"

"Basi lete barua yake ya kukuruhusu."

Nimeiandika, nimejiruhusu. Lakini naogopa, mwezi ujao najifungua.

Nikampa mume wangu asaini kama shahidi. Akaisoma mara mbili.

"Sasa baba wa mtoto ni yupi?"