Tusekile Ametolewa Nje, Juani

Jumamosi, Mbebe.

Shajara, leo ukungu umechelewa kuondoka. Mpaka saa nne mlima wa mbele ulikuwa haujaonekana, na tangu alfajiri nimetoka mlangoni mara kumi kuchungulia njia. Mimi huyu, niliyegongwa na lori lililobeba shaba pale Chapwa ninakouza dagaa, likaenda gereji lenyewe!

Sababu ni Tusekile, mjukuu wangu. Anaelekea miaka mitatu na miguu imepinda kama upinde, akitembea anayumba kama bata. Wazazi wake wako ng'ambo ya mpaka, Zambia, kwenye biashara, analelewa huku na mke wangu. Na mke wangu amemficha ndani, kamfunika na kanga mbili. Anaogopa watu watasema ukoo wetu umelaaniwa, hasa Mama Ipyana wa nyumba ya chini, ambaye mdomo wake unafika Tunduma kabla ya basi.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya majibu. Miguu itanyooka, au ndiyo basi.

Mleta majibu ni Atupele, mtoto wa dada yangu. Ni daktari, ila kazi yake ni kuchunguza mifupa: inavyokula, inavyobomoka, inavyojijenga upya. Akili kachukua kwa wajomba, hilo halina ubishi. Sokoni nimewaambia wateja wangu wa dagaa kwamba anausikia mfupa ukilalamika akiwa bado barabarani. Wameamini wote.

Mwezi uliopita alizunguka vilima hivi kwa miguu, akiulizia watoto waliopinda miguu. Kila nyumba ikamjibu: hapa hayupo. Hata mke wangu alimjibu hivyo hivyo, huku Tusekile anakohoa chumbani!

Mlango wa chumba nilifungua mimi. Atupele akampima, akamchukua damu, akampeleka hospitali kupigwa picha.

Basi leo kafika, matope mpaka magotini.

"Mjomba, ile barabara ya Tunduma inayochimbwa na malori, si kuna mafundi wa kubomoa na wa kujaza?"

"Kila siku wapo."

"Na mfupa ndivyo ulivyo. Mafundi wa Tusekile wapo kazini. Saruji ndiyo haijafika."

La saba nimeishia, lakini hilo nimelielewa kuliko mahubiri. Nilitaka kusema nililijua siku nyingi.

Hakumgombeza mke wangu. Alimuuliza taratibu mtoto anakula nini. Uji wa sembe, ugali, majani. Maziwa hakuna, jua halijui. Kisha akanigeukia mimi.

"Na dagaa, Mjomba? Wote unauza?"

"Wanavuka mpaka wote!" mke wangu akadakia. "Huyu dagaa wake ni wa Wazambia wanaowaita kapenta, sisi tunasikia harufu tu."

Wamenicheka wote wawili. Wacha wacheke.

Atupele akatoa dawa, akaeleza kwamba mtoto bado mdogo. Akipata dawa hiyo, dagaa wa kusagwa na miiba yao, na jua, miguu ina nafasi nzuri ya kunyooka kadiri anavyokua. Hakuapa. Alisema atarudi kumpima tena na tena. Mimi ningeapa mpaka kwa mbingu, na ndiyo maana yeye ni daktari.

Halafu akambeba mtoto, akatandika mkeka uani kwenye jua, akamvua kanga zote mbili.

Kilima kizima kinaona.

Tukamwona Mama Ipyana anapanda njia, mgongoni kambeba mjukuu wake, kamfunika gubigubi. Mke wangu akaidaka kanga. Mimi nikaandaa maneno, na ninayajua maneno, Shajara.

Alisimama akaiangalia miguu ya Tusekile. Akaangalia sana. Kisha akafungua mbeleko, akamketisha mjukuu wake kwenye mkeka. Magoti ya yule mtoto yalikuwa yanagongana.

"Dokta," akasema, chini kabisa, "na huyu wetu je?"

Atupele akapiga magoti kwenye matope yale yale, akamshika yule mtoto miguu kama anashika yai.

Mimi nikasogea kuwapisha kwenye mkeka. Mke wangu akaikunja kanga, akaingia kumletea Mama Ipyana kigoda.

Kesho narudi Chapwa, na gunia moja la dagaa litabaki hapa Mbebe, Wazambia watanisamehe. Ila nikipita sokoni nanunua mkeka. Huu wetu unatosha watoto wawili tu, na vilima hivi vina nyumba nyingi zilizosema hayupo.