Kitabu Wasichotaka Ukifunge

Mjukuu wangu Limi,

Marahaba. Babu yako alitoka hospitali ya Kolandoto jana, na leo amedai ugali mwenyewe, kwa hiyo ninakuandikia moyo ukiwa mwepesi.

Umeniuliza uanze na kipi kati ya vile vitabu vitano vya historia ulivyonunua huko Geita. Nilipokuwa sekondari, nilirudi likizo na vitatu vya mwalimu. Baba akasema virudi shuleni kesho yake, maana pamba ilikuwa inangoja kuchambuliwa. Nikamwomba nisome kwa sauti wengine wakichambua. Cha vita kikawasinzisha. Cha wafalme, mama akasema, “Majina tu hayo, kama siku ya ubatizo.” Nikafungua cha misafara ya chumvi. Pale wapagazi walipoishiwa maji, nilinyamaza kidogo ninywe yangu.

“We Kabula!” baba akafoka. “Walipata maji au hawakupata? Soma!”

Nikaendelea kusoma. Vitabu vilikaa nyumbani likizo nzima.

Basi wasomee wenzako wa chumbani kurasa chache za kila kimoja wakati wanapika. Kile watakachokukataza kukifunga, anza nacho.

Bibi yako akupendaye,
Kabula