Kampuni ya Mtu Mmoja

Baba Mdogo,

Shikamoo. Nina dai moja, nami nalitetea: kampuni niliyoisajili huku ugenini si utapeli, na hata ikianguka, sheria hairuhusu shamba la ukoo liguswe, kwani deni la kampuni hulipwa kwa mali ya kampuni tu.

Jana karani wa usajili aliniuliza, "Wenzako wako wapi?"

"Niko peke yangu."

"Basi wewe ndiye mkurugenzi na mfagizi!" Akacheka, akagonga muhuri.

Nafasi ya mwenzangu nilikuwa nimekuwekea wewe. Ukaniita tapeli kwenye kikao cha ukoo, na tangu siku hiyo mama hapokei simu zangu.

Cheti nimekiambatanisha. Kisome kikaoni, mama akiwepo, kisha unijibu kwa simu hapohapo, mbele ya wote.

Mwanao,
Mkurugenzi na Mfagizi