Kilomita za Bibi Yako

Mjukuu wangu Salma,

Sisi hapa Muraqqabat, Dubai, wazima. Bibi yako goti linamsumbua, mdomo haujambo. Umeniuliza kama usaini mkataba wa kukodi hilo gari jipya huko Abu Dhabi kwa miaka mitatu.

Nami nilikodi hivyo hivyo, nilipomwoa bibi yako tu. Nilimbana muuzaji asubuhi nzima, mpaka akapunguza bei na kunipa mazulia ya miguuni bure. Nikatoka kifua mbele. Kilomita ninazoruhusiwa kwenda kwa mwaka sikuziuliza.

Bibi yako akawatangazia watu wetu wote. Mgonjwa Sharjah, twende. Harusi Al Ain, twende, na makungwi watatu nyuma. Miezi mitano haijatimia, kilomita za mwaka mzima zimekwisha, na kila inayozidi inalipiwa. Gari likabaki mlangoni linang'aa, sisi tukapanda basi kwenda mazikoni.

Nilirudi kulalamika. Muuzaji akanambia, "Arbab, bwana mkubwa, ulinibana kwa kila kitu, lakini hukunambia unakwenda wapi."

Basi usianze na bei, mama. Anza na kilomita, na umhesabu bibi yako. Habari ya gari ameshaipata, na baibui ameshalipiga pasi.

Babu yako