Jina la Profesa Irigoyen Juu ya Makala Asiyoiandika

MAELEZO YA SHAHIDI
Jina: Nahuel Techera
Umri: Miaka 23
Kazi: Karani wa jarida la hisabati
Makazi: Mtaa wa Palermo, Montevideo

Mnamo tarehe 12 Machi 2014, saa nne asubuhi, nilikuwa ofisini nikipanga nakala za toleo jipya kwenye maboksi. Profesa Zulma Irigoyen aliingia, mkono mmoja kibuyu cha mate, ile chai yetu chungu ya majani, mkono wa pili jarida. Akanionyesha jina lake juu ya makala, akauliza, "Nahuel, mwanangu, nani kaniweka hapa?"

Nilijibu kwamba ni mimi.

Makala ile ni ya Profesa Bentos. Mwishoni ina kiambatisho kifupi, ambacho Profesa Irigoyen alialikwa kukiandika ili kuziba pengo katika uthibitisho mmoja. Desturi ya wanahisabati ni kuandika chini ya kichwa: "pamoja na kiambatisho cha fulani." Mimi niliona ni utovu wa adabu kumweka mtu mzima kama yule mkiani. Nikampandisha juu, kando ya Bentos, kama mwandishi mwenza. Nilidhani atanishukuru.

Alisema, "Umeniozesha kwa Bentos bila posa! Hayo mengine sikuyaandika wala sijayakagua. Nyumba yake ikibomoka, nifukiwe na mimi?"

Profesa Bentos alitokea chumba cha pili. "Haibomoki, Zulma! Lakini miaka sita ya jasho langu, nigawane nusu na wewe?"

"Baki na nusu yako, mzee! Mimi nataka changu kitajwe kwa jina langu. Mtu akikitumia aseme: Irigoyen, kiambatisho katika makala ya Bentos. Basi!"

"Ndicho ninachosema na mimi!"

"Sasa unanipigia kelele za nini?"

Walikuwa wakigombana huku wanakubaliana. Hata hivyo Profesa Irigoyen alisema jina lake limeghushiwa, akaja hapa kituo cha polisi kushtaki. Bentos alimfuata, nami nyuma yao. Njiani walikunywa mate kwa zamu. Mimi sikupewa. Niliwaza kazi yangu, na mama yangu, ambaye hajui niko hapa.

Sajini aliniuliza kama nakala zimeshatumwa. Nilisema bado, na kwamba naweza kuchapa upya ukurasa wa kwanza leo hii.

"Na orodha ya yaliyomo, kijana," alisema Bentos.

Profesa Irigoyen alinisogezea kibuyu. "Kunywa, mwanangu. Hakuna anayefungwa kwa adabu nyingi."

Ninayoyajua yanaishia hapa. Nimesomewa, nimeridhika, natia sahihi.
(Sahihi) N. Techera

Yameandikwa nami, Sajini Mabel Olivera. Mlalamikaji aliombwa kutia sahihi hapo juu kuonyesha ameondoa shtaka. Alikataa, akisema maelezo hayo si yake. Ameandika yafuatayo kwa mkono wake:

KIAMBATISHO
cha Zulma Irigoyen

Naondoa malalamiko yangu. Kijana huyu asifukuzwe kazi. Ya hapo juu aulizwe yeye. Mimi nadhamini aya hii tu.