Sahani ya Ezekieli Inahama Keza

Kaka Tuan,

Shikamoo. Najua mimi ni mkubwa kwako na salamu ilitakiwa kutoka upande wako, lakini ulimwamkia kila mtu shikamoo, hata watoto wa darasa la kwanza, kwa hiyo leo pokea ya kwako. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la mahindi kwa sababu viti vimeshafungwa kamba. Kesho tunahamia Nyantakara, na moyo wangu hautulii hata kidogo.

Unakumbuka ulivyoingia mgahawani kwangu mara ya kwanza, mlipokuja kusimamisha mnara wa simu hapa Keza? Wote tulikuita Mchina. Ulivumilia wiki mbili, kisha ukaweka kijiko chini ukasema, "Dada, mimi Mvietinamu. Mchina jirani." Nilicheka mpaka machozi. Halafu ukauliza, "Kwenu wapi?" Mimi nikajibu Keza, na Mama, aliyekuwa anachambua maharage mlangoni, akajibu Burundi, kwa pamoja. Ukaacha kula. Ulisema kwenu mtu akiulizwa hivyo hataji anapoishi, anataja kijiji walikozikwa babu zake.

Ilipofika sikukuu yenu ya mwaka mpya, ambayo nchi yenu nzima hufunga safari kurudi vijijini, wewe ulibaki na sisi, ukaliteka jiko langu. Ulifunga mchele, choroko na nyama ya nguruwe kwenye majani ya mgomba, ukachemsha tangu asubuhi hadi jioni. Kuni zangu ziliisha, na mchele wetu ukakataa kushikana. Uliandaa mabakuli mawili mezani, ukawasha udi, ukatoka nje kupiga simu nyumbani. Nami, kwa kiherehere changu, nikaona mgeni wako hajatokea na chakula kinapoa. Bakuli lake nikawamwagia kuku.

Sitasahau uso wako uliporudi. Hukunigombeza. Ulikaa, ukasema lile bakuli ni la baba yako mkubwa, aliyekwenda vitani akiwa kijana na mwili wake haukuonekana. Kila kijiji kwenu kina makaburi ya askari, ulisema, na mengi hayana majina. Bibi yako aliyazungukia hayo makaburi mpaka magoti yakamwisha, na kila mwaka alimpakulia mwanawe chakula.

Mama alisikia yote. Kesho yake mchana akapakua sahani ya ziada ya ugali na maharage, akaiweka karibu na mlango. "Ya Ezekieli," akasema. Ndiye kaka yangu mkubwa, tuliyempoteza kwenye vichaka vya mto Ruvubu tulipokimbia vita, mimi nikiwa mgongoni kwa Mama. Miaka yote ile jina lake halikutajwa nyumbani. Nilikulaumu, kaka. Wazee wa kanisa walipokuja kuuliza kama tumeanza kulisha mizimu, nilikulaumu zaidi. Mama aliwajibu, "Mzimu ni wa aliyekufa. Nani kawaambia mwana wanje, mwanangu mimi, amekufa?" Wakanywa chai, wakaaga.

Sasa shamba letu limechoka, na mume wangu amepata eneo Nyantakara. Mama akakataa katakata. "Baba yenu alimwambia Ezekieli, tukipotezana tukutane Keza. Akija akute nani?" Mwezi mzima tumevutana. Kumwacha siwezi, kumbeba kwa nguvu siwezi.

Ndipo nikakumbuka uliyonisimulia siku ile unasubiri gari la kuondoka. Bibi yako naye aligoma kuhama mto ulipokuwa unakula ukingo wa kijiji, mpaka alipokumbushwa desturi yenu: mwenye kuhama huwaarifu kwanza wasiokuwepo, huwatajia njia, kisha bakuli la kuwachomea udi hubebwa mkononi, halichanganywi na mizigo. Jana nikamweleza Mama. "Basi mtajie wewe," akasema. "Mimi barabara za huko sizijui."

Leo asubuhi nikasimama mlangoni, mimi mwanakwaya, nikiona haya hata mbele ya kuku. Nikasema, "Kaka Ezekieli, tunahama. Shika barabara ya Biharamulo. Ukifika Nyantakara, ulizia mgahawa wa yule mama wa Keza, watakuonyesha." Sikuwahi kulitamka jina lake kwa sauti maishani mwangu.

Mama akanigusa bega. "Rudia kwa Kirundi," akasema. "Alipotea kabla hajajifunza Kiswahili."

Nikarudia. Kirundi changu ni kibovu, na Mama alinisahihisha neno kwa neno, mpaka njia yote ikaisha.

Kesho garini sahani ya Ezekieli itakaa mapajani kwa Mama. Sikukuu ikifika, mwambie baba yako mkubwa kwamba yule dada wa kuku anamwomba radhi. Nami nijibu jambo moja tu, maana gari lilikuja kabla hujamaliza: walipofika nyumba mpya, bibi yako alijuaje kwamba mwanawe amewafuata?

Dada yako wa Keza, kwa siku moja iliyobaki